Maswali ya wasomaji: Kiingereza cha barua za kazini kinapogeuka maana

Barua nyingi mlizotuletea safari hii zinahusu Kiingereza mnachokiandika kazini: baruapepe, barua za oda, maombi ya mkataba, taarifa za kikao. Tumechagua zile ambazo kosa lake linagharimu fedha, siku au kazi. Kosa la kawaida la sarufi msomaji hulipita tu, akaendelea. Linaloumiza ni sentensi iliyonyooka kabisa kisarufi lakini inayosema jambo ambalo mwandishi hakulikusudia.

Mkataba wangu wa miaka miwili unakwisha tarehe 30 Juni. Nilimwandikia afisa rasilimali watu: "I would like to resign the contract." Kilichorudi ni fomu ya kukabidhi kompyuta na funguo. Nimekosea wapi, na nifanyeje? – Mhasibu msaidizi, Mwanza

Umekosa kistari kimoja. "Resign" ni kuacha kazi. "Re-sign", yenye kistari baada ya "re", ni kusaini tena. Kompyuta haikukuonya kwa sababu maneno yote mawili yamo kwenye kamusi yake.

Usisaini fomu hiyo. Jibu leo hii, juu ya baruapepe ileile ili maelezo yakae pamoja kwenye jalada, na nakala umpelekee msimamizi wako. Andika hivi: "I am not leaving my post. My message was meant to ask for a new contract after the present one ends on 30 June. Please treat that message as withdrawn." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa sababu inasema wazi kwamba ujumbe wa kwanza umeondolewa. Ukiomba radhi tu bila kuuondoa, mtu anaweza kuendelea kuushughulikia.

Siku nyingine liache kabisa neno "re-sign", hata kwa kistari chake. Andika "renew my contract" ukitaka mkataba mwingine baada ya huu kwisha, au "extend my contract" ukitaka huuhuu usogezwe mbele. Chagua kwa makini. Anayeomba "extend" mara nyingi anabaki na mshahara na masharti yaleyale, kwa hiyo kama una neno la kusema juu ya mshahara, omba "renew" na utaje tarehe ya kuanza.

Kistari hichohicho kinawaponza watu wa ankara. "I resent the invoice" maana yake ni kwamba ankara imekuudhi. Ukitaka kusema umeituma tena, andika "I have sent the invoice again". Na fundi aliyeambiwa "recover the office chairs" ana haki ya kuuliza viti viliibwa na nani. Kuvivalisha kitambaa kipya ni "re-cover".

Ninaagiza bidhaa Guangzhou. Niliandika "Please send the goods until Friday". Muuzaji akaniuliza nataka atume mara ngapi. Halafu kila tunapopanga tarehe tunapishana. Naomba mwongozo. – Mfanyabiashara, Kariakoo

Swali lako lina mambo matano ndani yake, nasi tutalikalia kidogo.

La kwanza ni neno letu "mpaka", au "hadi". Kwa Kiswahili unaweza kusema "mzigo uwe umefika mpaka Ijumaa" na pia "duka liko wazi mpaka Ijumaa", na neno ni lilelile. Kiingereza kinayatenga. Tendo la mara moja linalotakiwa kukamilika kabla siku haijapita huchukua "by": "Please send the goods by Friday". Hali inayoendelea hadi siku fulani huchukua "until": "The shop is open until Friday". Ulichomwandikia ni kwamba aendelee kutuma, kutuma, kutuma, kisha Ijumaa aache. Aliuliza swali la haki.

La pili ni siku ngapi na kuanzia lini. "In two weeks" ni wiki mbili zikishapita. "Within two weeks" ni wakati wowote kabla wiki mbili hazijaisha. Na "within 14 days" peke yake haitoshi, maana muuzaji atahesabu tangu fedha zilipoingia, nawe unahesabu tangu ulipotuma oda. Maliza sentensi: "within 14 days of receiving our deposit". Ukiandika "working days", kumbuka kwamba sikukuu zinazorukwa ni za kwao. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, na viwanda vingi hufungwa kwa muda mrefu kuliko siku za sikukuu yenyewe. Oda ya Januari yenye "20 working days" inaweza kukufikisha Machi bila muuzaji kuvunja neno lolote.

La tatu ni mwisho wa siku ya kazi. China iko mbele yetu kwa saa 5. "Close of business on Friday" kwa ofisi ya Guangzhou inayofunga saa 12 jioni ni saa 7 mchana Dar es Salaam. Wewe unafikiri una mchana mzima wa kupeleka uthibitisho wa benki, kumbe wao wameshafunga na Jumatatu ndiyo watauona. Kwa wanaoshughulika na London hesabu inabadilika mara mbili kwa mwaka: wako nyuma yetu kwa saa 2 majira yao ya kiangazi na saa 3 majira ya baridi, kwa sababu wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Dawa ni kutaja saa na mji: "by 1 p.m. Dar es Salaam time on Friday 17 April 2026".

La nne ni saa yetu yenyewe. Saa 3 asubuhi ni "9 a.m.", na kila mtu anajua kuongeza au kutoa 6 anapozungumza. Tatizo huja mtu anapoandika haraka akiwa na saa ya Kiswahili kichwani, akaweka "3:00" kwenye mwaliko wa kikao. Tumia saa 24: 09:00, 15:00. Hapo mkono hauwezi kuteleza kirahisi. Pia epuka "12 a.m." na "12 p.m.", kwani hata wazawa wa Kiingereza huzichanganya. Andika "noon" kwa saa 6 mchana. Kwa saa 6 usiku usiandike "midnight on Friday", maana hakuna ajuaye ni usiku unaoingia Ijumaa au unaotoka. Andika 23:59 na tarehe. Na tuliokulia pwani tuwe waangalifu zaidi: "usiku wa Ijumaa" kwa hesabu ya wazee ni usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa sababu siku huanza jua likizama. "Friday night" ya Kiingereza huja baada ya mchana wa Ijumaa. Hapo pana tofauti ya saa 24 kamili.

La tano ni tarehe za namba. 03/04/2026 ni tarehe 3 Aprili kwetu na kwa Waingereza, lakini kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. Andika mwezi kwa herufi, kila mara, hata kwenye jina la faili. Na "next Friday" iondoe kabisa kwenye msamiati wako wa biashara, maana mmoja ataelewa Ijumaa hii inayokuja, mwingine ile ya wiki inayofuata. "Bi-weekly" nayo ni hivyohivyo: kamusi zinakubali mara mbili kwa wiki, zinakubali pia mara moja kila wiki mbili. Andika "twice a week" au "every two weeks".

Shikamoo mhariri. Ofisini tunabishana: juu ya kichwa cha barua ni RE au REF? Na mwishoni ni "Yours faithfully" au "Yours sincerely"? Mimi hufuata nilivyokuta kwenye majalada ya zamani. – Karani wa masijala, Dodoma

Marahaba. Majalada ya zamani yanaweza kuwa mwalimu mzuri, ila yanabeba na makosa ya waliotangulia.

Vitu hivyo ni viwili, na wewe unavijua tayari kwa Kiswahili. REF ni "Kumb. Na.", yaani namba ya jalada, na hukaa juu karibu na tarehe. RE ni "YAH", yaani kichwa cha habari, na hukaa chini ya salamu au juu yake kulingana na utaratibu wa ofisi. RE si kifupi cha "reference". Imetoka kwenye Kilatini "res", yaani jambo. Ndiyo maana "RE: Reference to your letter" inasomeka vibaya. Weka jambo lenyewe: "RE: Repair of the borehole pump". Barua isiyo na namba ya kumbukumbu inaweza kupotea masijala. Isiyo na kichwa cha habari inaweza kupelekwa kwa mtu asiyehusika.

Mwisho wa barua hutegemea mwanzo wake. Umeanza "Dear Sir" au "Dear Madam", bila jina? Maliza "Yours faithfully". Umetaja jina? Maliza "Yours sincerely". Herufi kubwa ni ya neno la kwanza tu. Wamarekani hawafuati sheria hii na huandika "Sincerely" peke yake, kwa hiyo barua yao isikutie shaka.

Hapohapo kwenye jina pana kosa letu la adabu. Kwa Kiswahili tunasema Bwana Juma, kwa jina lake la kwanza, na ni heshima tosha. Kwa Kiingereza rasmi "Mr" na "Ms" hufuatwa na jina la mwisho, hivyo Juma Hamisi huwa "Mr Hamisi". Usipojua jina lipi ni la mwisho, andika yote mawili, "Dear Juma Hamisi", na hakuna atakayekasirika.

Umeuliza pia pembeni juu ya "p.p." Hiyo ndiyo "Kny" yetu, yaani "kwa niaba ya". Anayesaini huweka sahihi yake, na "p.p." hutangulia jina la mkubwa anayesainiwa. Neno "for" linafanya kazi hiyohiyo na kila mtu analielewa.

Mteja wetu wa Marekani alisema "please table it" juu ya pendekezo letu, tukakesha kuliandaa kwa kikao. Kumbe alitaka liwekwe kando. Na meneja wangu anapenda "kindly revert" na "do the needful". Hizi ni sawa? – Msaidizi wa mradi, Nairobi

Hamkukosea, na yeye hakukosea. Kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho mabunge ya Kenya na Tanzania yanakifuata, "table" ni kuwasilisha mezani ili jambo lijadiliwe. Kwa Marekani ni kuliweka kando. Winston Churchill alieleza jinsi maofisa wa pande hizo mbili walivyobishana vikali wakati wa Vita Kuu ya Pili, mpaka walipogundua kwamba wote walitaka jambo lilelile lijadiliwe sasa. Mkiandikiana na Mmarekani tumieni "put it on the agenda" au "postpone it".

"Revert" kwa maana ya kujibu imeenea India na Afrika Mashariki, na ndani ya ofisi za Nairobi haina madhara. Nje ya hapo maana yake ni kurudi kwenye hali ya mwanzo. Hatari kubwa iko kwa watu wa programu za kompyuta: ukimwandikia mhandisi "please revert on the new payment page", anaweza kufuta mabadiliko yote ya ukurasa huo na kurudisha ule wa zamani, kwani kwake "revert" ni amri ya kazi. "Please reply by Tuesday 14 April" haikosewi.

"Do the needful", yaani "fanya kinachotakiwa", si tusi wala si kosa la sarufi. Ni Kiingereza cha zamani kilichobaki kwetu. Kasoro yake ni kwamba haisemi nani afanye nini. Ikitumwa kwa watu wanne, kila mmoja atadhani imemlenga mwenzake. Weka jina, tendo na siku: "Amina, please sign page 3 and send it to the bank by Tuesday." Na watu waliowekwa kwenye "cc" wamewekwa wajue tu. Kama unataka mmoja wao afanye kitu, mhamishie mstari wa juu.

Tuliandikiana na mnunuzi "we have agreed to reduce the price to 40,000". Sisi tulimaanisha tumepunguza 40,000 kutoka 120,000. Anadai alipe 40,000. Pia kuna mvutano wa VAT. – Muuza samani, Mombasa

Mnunuzi amesoma kilichoandikwa. "Reduce by 40,000" ni kutoa 40,000, inabaki 80,000. "Reduce to 40,000" ni kushusha mpaka ifike 40,000. Herufi mbili zimebeba shilingi 40,000. Jaribuni kumwonyesha mawasiliano ya awali. Kama yapo maandishi yanayotaja 80,000 mahali popote, yatawasaidia. Kuanzia sasa kila punguzo liandikwe kwa namba tatu: bei ya zamani, kiasi kilichotolewa, bei mpya. "Old price 120,000, discount 40,000, new price 80,000." Namba tatu zinalindana, na moja ikikosewa nyingine mbili zinaifichua.

Kuhusu VAT, shikeni maneno mawili: "exclusive" ni bei kabla ya kodi, "inclusive" ni kodi ikiwa ndani. Kwa kiwango cha Kenya cha 16%, bei ya 100,000 "exclusive of VAT" mteja atalipa 116,000. Bei ya 100,000 "inclusive of VAT" inakuachia 86,207 tu, na 13,793 ni ya serikali. Wengi hukosea kwa kupiga 16% ya bei ambayo kodi imo tayari. 16% ya 116,000 ni 18,560, na hiyo si kodi iliyomo. Gawanya 116,000 kwa 1.16, upate 100,000; kinachobaki, 16,000, ndiyo kodi. Nukuu ya bei isiyosema lolote juu ya VAT ni ugomvi unaosubiri siku yake.

Na msiwaandikie wateja "your account is outstanding" mkadhani inaeleweka. Neno hilo ni deni ambalo halijalipwa, ni sifa ya kitu bora pia. "You owe us 36,000, due on 30 April" ina heshima na iko wazi.

Nimesoma kwa Kifaransa, sasa nafanya kazi na wenzangu wa Nairobi. Niliwauliza "What is the delay for the report?" wakajitetea kwamba hawajachelewa. – Mratibu, Bukavu

Kwa Kifaransa "délai" ni muda uliopangwa. Kwa Kiingereza "delay" ni kuchelewa. Wamesikia lawama pasipo na lawama. Uliza "What is the deadline?"

Ndugu zake, yaani maneno ya Kiingereza yanayofanana na ya Kifaransa lakini yenye maana nyingine, ni hawa. "Actually" si "sasa hivi", ni "kwa kweli". Kwa sasa ni "currently". "Eventually" si "pengine", ni "hatimaye". Ukiandika "we will eventually pay", umeahidi kulipa. "We may pay" ndiyo isiyo na ahadi. "Demand" si kuomba, ni kudai kwa ukali, hivyo tumia "ask". Na "assist at the meeting" itafanya wakupe kazi ya kupanga viti; kuhudhuria ni "attend".

Kwenye namba kuwa mkali zaidi. "Milliard" ya Kifaransa ni "billion" ya Kiingereza, milioni 1,000; Uingereza yenyewe ilihamia hesabu hiyo rasmi serikalini mwaka 1974. "Billion" ya Kifaransa ni kubwa mara 1,000 zaidi. Alama nazo zinapishana: 2,500 kwa mtu wa Nairobi ni elfu mbili na mia tano, kwa aliyesoma Kifaransa inaweza kuwa mbili na nusu. Kwenye oda ya kahawa hiyo ni tani 2 na nusu dhidi ya tani 2,500. Andika kilo badala ya tani za desimali, na kiasi kirudie kwa maneno.

Niliandika kwenye wasifu wangu "I overlooked a team of six". Rafiki ananicheka. – Kampala

Umesema uliwasahau. Kusimamia ni "oversee", na wakati uliopita ni "oversaw". Kama neno hilo halikukai vizuri, "I supervised a team of six" inatosha kabisa.

"I look forward to hear from you" au "hearing"? – Unguja

"Hearing". Hiyo "to" si ile ya kitenzi. Inafuatwa na jina la kitu au kitenzi chenye "-ing". Vivyo hivyo "I am used to working at night".

Je, "Can you borrow me the projector?" ni sahihi? – Mwalimu, Tanga

Hapana. Kiswahili kinaturuhusu kusema "niazime kalamu" na "naazima kalamu" kwa kitenzi kimoja, Kiingereza hakituruhusu. Anayetoa ni "lend", anayepokea ni "borrow". Kwa hiyo ama "Can you lend me the projector?" ama "May I borrow the projector?" Ongeza siku utakayoirudisha, na mwenye projekta atakupa bila kusita.